Kisima cha Mama Paulina

Jumatatu, 4 Februari

Futi thelathini na mbili. Udongo mweusi umekwisha, sasa ni mawe laini. Wanawake kumi na wawili leo, wengine wanaumwa. Nimevuta kamba mpaka viganja vimechubuka. Miezi mitano niko hapa Nangwa, na ofisi yetu ya Arusha bado inauliza kwa nini kisima cha kikundi cha wanawake hakijaisha. Waje wachimbe wao.

Kiwanja alitoa Mama Paulina, kona ya shamba lake la mahindi. Hakutaka. Nilimwendea mara tatu. Nikamwambia ardhi ya kikundi haiguswi na mtu.

Alhamisi, 7 Februari

Maji! Saa nane mchana. Matope kwanza, halafu maji. Mama Paulina aliyaonja, akatema, akacheka hadi akakaa chini. Sikuwahi kumwona akicheka. Pampu ya mkono iko stoo ya kanisa. Tukishajengea, tunaifunga.

Jumanne, 12 Februari

Wapima ardhi wamekuja. Shamba la ngano la serikali linapanuliwa. Nguzo za mpaka zimepita nyuma tu ya nyumba ya Mama Paulina. Mahindi yake yote, na kisima, sasa viko upande wa ngano.

Nimemwona meneja wa shamba. Mpole. Alinipa chai. "Dada, taifa linahitaji mkate." Nikamwuliza watu wa hapa watakunywa nini. Akanionyesha ramani. Pale petu pameandikwa "pori".

Alhamisi, 14 Februari

Katesh, ofisi ya ardhi ya wilaya. Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Afisa aliuliza swali moja: kikundi kina hati? Hakina. Sikuwahi hata kulifikiria. Nimesomea maendeleo ya jamii miaka miwili, najua kuendesha mikutano, najua kuandika ripoti. Hati sikuuliza.

Naona aibu. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 18 Februari

Trekta limekuja saa tatu. Tulikuwa tumekaa kukizunguka kisima, sote. Dereva ni Emanueli, mume wa Paulina. Mkwe wa Mama Paulina mwenyewe! Alizima injini, akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa kulima hapa?"

Akasema, akitazama chini: "Nikikataa watamleta mwingine, na mimi nitafukuzwa. Paulina ni mjamzito, mama. Unajua."

Mama Paulina akainuka yeye wa kwanza. "Ondokeni," akawaambia wenzake. Wakaondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki. Alinishika mkono akanivuta.

"Inuka, mwanangu. Wewe si wa hapa."

Hakusema kwa ubaya. Iliniuma kuliko tusi.

Kufika adhuhuri kisima kimefukiwa. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Emanueli alilima mistari iliyonyooka kabisa.

Jumamosi, 23 Februari

Mkutano wa kikundi. Wamekuja wanne. Barua kutoka Arusha: nahamishiwa Daudi, Mbulu, kuanzisha kikundi kingine. Niende na pampu. Niliwasomea yote, hata hilo la pampu. Nilitaka wagombe. Mmoja aliuliza gari litakuja lini, ili wasaidie kupakia.

Nimechukia kazi hii.

Jumapili, 24 Februari

Baada ya ibada nimekwenda na Mama Paulina kuteka maji mtoni. Njia ya zamani imelimwa, tulizunguka shamba lote. Mwendo wa saa mbili kwenda, zaidi kurudi. Upepo ulikuwa wa baridi. Alinieleza Paulina anatapika kila asubuhi, kwamba huenda mtoto ni wa kike. Akauliza kama Daudi kuna baridi. Nikasema nasikia ipo. Akasema nibebe sweta.

Tulipofika kwake ndoo yangu ilikuwa nusu, maji mengine yote yamenimwagikia mgongoni. Sijazoea. Alishusha yake, akanijazia kutoka humo, akaingia ndani kuwasha moto.