Novena ya Fermín Haikukatika

Kitongoji cha Salto Hondo,
Utuado, Puerto Rico.
4 Oktoba 2017

Mpendwa wifi yangu Carmelina,

Kabla hujasoma mengine, ujue mama yako ni mzima. Anakula, anateta, na jana alimfukuza kuku wa jirani kwa fimbo. Mimi pia sijambo. Hali yenu huko Holyoke? Baridi imeanza? Na lile goti lako linaendeleaje? Nina hakika umepiga simu mpaka umechoka. Minara ya simu imelala chini, na umeme haupo tangu asubuhi ya kimbunga. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Jirani yetu Wenceslao atashuka mjini kwa miguu na barua hii, maana posta wamefungua dirisha moja.

Najua swali lako. Uliposhindwa kupata ndege ya kuja kumzika kaka yako Fermín, uliniambia kwenye simu, "Wifi, angalau novena yake, zile sala za siku tisa, isikatike hata siku moja." Nilikuahidi. Kisha simu ikafa, na hujui kama niliweza.

Siku tano za kwanza zilikwenda vizuri. Bibi Provi wa ng'ambo ya mto alivuka daraja kila siku saa tisa mchana, miwani yake imefungwa kamba, akaongoza rozari na ile litania ndefu ya marehemu ambayo hapa kwetu yeye peke yake anaijua kwa kichwa. Sebule ilijaa. Niliwapa watu kahawa na biskuti na jibini kama inavyopasa. Wenceslao alikula sehemu ya watu wanne, akasema nyingine anamlia Fermín.

Siku ya sita kikaja kimbunga. Tulijifungia bafuni mimi, Mama na Wenceslao, ambaye paa lake lilikuwa limeondoka alfajiri. Mama alikaa juu ya choo, mto mapajani, sisi chini. Mabati ya jikoni yaling'oka moja baada ya jingine, na maji yakaingia chini ya mlango. Nilikuwa nimevaa saa ya Fermín. Ilipofika saa tisa Mama akatoa rozari mfukoni.

"Anza," akaniambia.

"Mama, hatusikilizani humu."

"Si mimi unayemwomba. Anza."

Tukasali kwa kupiga kelele, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Kesho yake milima yote ilikuwa ya kahawia, haina jani hata moja, kama iliyopitiwa na moto. Daraja halikuwepo. Hatukujua kama Bibi Provi yu hai huko ng'ambo. Kitabu changu cha sala kilikuwa kimegeuka uji.

Siku ya saba na ya nane niliongoza mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la nane. Mishumaa ilibaki miwili, na madukani hakuna. Nikaamua iwashwe wakati wa sala tu, mbele ya picha yake. Saa nyingine zote tulikaa gizani. Unakumbuka Fermín alivyokuwa akiuliza kila umeme ukikatika, "Nani kakalia waya?" Mara mbili nilingoja nimsikie.

Siku ya nane nikapoteza hesabu.

"Shemeji," Wenceslao akasema, "mafumbo ya rozari ni matano. Hili la sita umelitoa wapi?"

"Mwache," Mama akamjibu. "Fermín alikuwa na deni kanisani. Na wewe lako tutaanza kulipunguza leo."

Tulicheka, wifi. Nilicheka mpaka nikaona haya mbele ya picha.

Lakini siku ya tisa haifungwi bila litania. Nilijua mistari mitatu tu. Wenceslao alisema tumwombee raha ya milele, basi, Mungu anaona hali yetu. Nikakataa. Sikuwa nimekuahidi novena ya siku nane na nusu. Nikatia mshumaa ndani ya chupa, nikachukua picha, Wenceslao akambeba Mama mgongoni, tukateremka hadi lilipokuwa daraja. Mto ulikuwa umepungua kidogo lakini bado unanguruma. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. Hatimaye Bibi Provi akatokea ukingo wa pili, miwani kwenye kamba yake.

"Edelmira! Mama mkwe wako mzima?"

"Mzima! Huyu hapa!"

"Mwambie nitamzika yeye kwanza," Mama akasema. Wenceslao akaufikisha ujumbe kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nikamwomba litania. Alipiga magoti kwenye matope, akaanza kutaja watakatifu mmoja mmoja kwa sauti ya kuuza samaki, na sisi tukajibu, "Umwombee." Watu wakaanza kutoka kwenye nyumba zilizobaki, huku kwetu na kule kwake, watu ambao sikuwa nimewaona tangu dhoruba. Mpaka kule juu mlimani, nisikoona mtu, waliitikia, "Umwombee." Alipofika kwenye "mwanga wa milele umwangazie", Wenceslao akanong'ona, "Basi kapata mwanga kabla yetu."

"Nani anacheka huko?" Bibi Provi akauliza.

"Wenceslao."

"Nilijua."

Tulipomaliza Mama aliuzima mshumaa mwenyewe. Ndipo Bibi Provi akatuambia kwamba tangu daraja liondoke, kila saa tisa alikuja pale ukingoni akasali peke yake, akielekea upande wetu. Hakujua kama tu hai. "Nilisema, kama wameteleza huko, mimi nimeshikilia huku," akasema.

Sasa watu wamefunga kamba juu ya mto, na ndoo inapita. Kahawa ya Bibi Provi ya siku ya tisa ilifika nusu imemwagika, na malalamiko yake yamerudi na ndoo. Jikoni napika chini ya turubai: ndizi mbichi na samaki wa chumvi, kila siku. Wanasema umeme utachukua miezi. Na uchukue. Usikope kwa ajili ya jenereta. Tutumie mishumaa, betri na misumari ya mabati.

Msalimie mumeo Eliseo, na mwanao Nereida, mwambie mkaza mjomba wake wa mlimani hajapeperuka. Wenceslao anakusalimu, anauliza kama huko kuna mjane mwenye paa.

Mama anasema hujamwomba baraka kwa wiki mbili, kwa hiyo anakutumia za siku zote kwa pamoja, na Mungu akulinde.

Siku zote tisa, wifi. Sasa na wewe ulale.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,

Edelmira