Utepe wa Buti

Joylene, upo? Usinipigie, nacheka na kulia kwa pamoja. Niko garini nje ya kanisa, sina uso wa kurudi kule ukumbi wa chini kwenye kikundi cha kupunguza uzito.

Nimepanda mizani, Bi Verna anayetupima akapaza sauti: "Paundi nne zimeondoka!" PAUNDI NNE! Wamama wote wakasimama, makofi, nikavishwa ule utepe wa mshindi wa wiki.

Nikahutubia, mwenzangu. Nilihutubia! "Mgongo uliuma, kisigino kiliwaka moto, lakini siri ni nidhamu." Gladys akatoa machozi.

Bi Verna akanitazama miguuni. "Mwanangu, lile buti la hospitali liko wapi?"

Nikamwambia kisigino kimepata nafuu kidogo, nimeliacha garini.

"Na wiki iliyopita ulipima nalo?"

Joylene, nilipima nalo! Sisi tunaovua hadi hereni kabla ya kupima! Lakini siku ile mgongo ulikataa kuinama, nikapanda nalo hivyo hivyo, nikasahau kabisa.

"Kalilete."

Nikapanda ngazi nikichechemea, nikashuka nalo. Akaliweka kwenye mizani peke yake.

Paundi tano.

Joylene, NIMENENEPA! Paundi moja!

Nikavua utepe nimrudishie, akaukataa. Akaufunga kwenye buti, na wote wakasimama tena. Makofi makubwa kuliko yangu!

Sasa limekaa kiti cha mbele na utepe wake, na mimi ndiye dereva wake.