Saa ya Ukutani Ilivyosinzia Nyabiondo

Mpendwa kaka yangu Bahati,

Tangu ushike njia ya Pinga situlii. Nikikaa kuchambua maharagwe, nainuka kabla ya kumaliza. Nikilala, nageuka tu. Acha nikuandikie lile lililonishinda kusema.

Uliporudi kutoka vita ya wazungu, ulianza kutengeneza saa za jua, za kusoma wakati kwa kivuli, na kuzipa majina. Iliyolala juu ya nguzo uliiita Mulalaji. Ile ya ubao wa duara uliosimama wima, yenye mistari pande zote mbili na kijiti kimepenya katikati, uliiita Lungo, kama ungo wa kupepetea. Ya ukutani uliiita Mwegemeaji. Nilikucheka: "Kaka, saa iko saa tu!" Ukajibu, "Hapana, dada. Kila moja iko na tabia yake. Mulalaji na Lungo zinatumika mwaka muzima. Ya ukutani inasinzia."

Muzungu wa shamba la kahawa akataka hiyo hiyo ya ukutani, upande wa kaskazini, wafanyakazi waione. Nilikuwa nakubebea chokaa. Ulimwambia wazi: kuanzia mwezi wa kumi jua litapita nyuma ya nyumba, mpaka mwezi wa tatu. Mume wangu, kapita wake wa kusimamia wafanyakazi, njo alikuwa akitafsiri. Maneno hayo aliyameza, asimuudhi bwana wake.

Mwezi wa kumi kivuli kikapotea. Muzungu akakuita mwongo. Ukanigeukia: "Dada, wewe ulisikia. Sema." Mume wangu akanikazia macho. Nikasema, "Sijui." Ukafunga vyombo vyako, ukaondoka bila kuniaga.

Kaka, wiki iliyopita jua lilirudi ukutani. Kivuli kimekaa sawasawa kwenye mistari yako. Watu walijaa kutazama. Nilishindwa kusimama pale. Nilimwita katekista, anayejua Kifaransa, nikamwambia muzungu yote, mume wangu akisikia. Muzungu akasema urudishwe kazini. Mume wangu hanisemeshi tena.

Najua kazi hiyo utaikataa, na ni haki yako. Mimi nataka tu unitazame usoni, hata kwa hasira. Katekista anatangulia na barua hii. Nikishamwacha mtoto kwa mama huko Kibabi, namfuata kwa miguu. Ukisikia niko njiani, kaka, tafadhali usihame mbele nifike.

Mimi, dada yako wa tumbo moja