Migongo Haitanyooka

Jumatatu, 3 Juni 2024
Bangwe, kando ya ziwa. Miaka hamsini na miwili tangu boti itushushe Kagunga, upande huu wa mpaka, tukikimbia mauaji kutoka Nyanza-Lac, Burundi. Asubuhi nimesaga dagaa, pumba na mashudu ya mawese. Nimetia unga wa vitamini, kijiko nimekisawazisha kwa kisu. Tambi za chakula cha samaki zimeanikwa juani kutwa, kama dagaa wa mwalo wa Katonga. Mabwawa ya saruji ni ya jirani yangu Zaituni. Maarifa ni yangu.
Dada yangu Generoza ametuma ujumbe kutoka kwetu. Macho yamekwisha, niende kabla masikio hayajayafuata. Nimejibu: tukishavua. Mtu harudi kwao mikono mitupu.

Alhamisi, 20 Juni
Perege wamepinda mgongo. Kumi na mmoja kwenye wavu mmoja. Hawakui. Zaituni akamgeuza mmoja kiganjani.
"Mzee Simoni, hawa wamezeeka kabla yako."
Sikucheka. Nimeongeza vitamini maradufu. Nimeanika.

Jumanne, 2 Julai
Wanakufa. Mtaalamu wa ufugaji wa samaki, mama wa makamo, amekuja. Hakugusa samaki, alikwenda kwenye kichanja cha kuanikia. Akauliza tambi zinakaa juani muda gani. Nikajibu kwa fahari: mpaka zivunjike kama vijiti. Mama yule akashusha sauti.
"Mzee, vitamini yote imeliwa na jua. Samaki hawajaionja."
Kopo la vitamini limeandikwa: weka mbali na jua na joto. Nilisoma. Nilidhani ni habari ya kopo. Kopo nikalifungia kabatini, gizani. Chakula nikakianika.
Migongo haitanyooka, amesema. Zaituni hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ijumaa, 12 Julai
Tumewafukia waliobaki. Sokoni hakuna anayetaka samaki mwenye kibiongo. Nimemwandikia Generoza kwamba mavuno yamesogea mpaka mwakani. Mpwa wangu alimsomea. Anasema aliuliza mwakani ni lini.

Jumamosi, 27 Julai
Generoza amefariki Jumatano. Wamemzika jana. Mpwa amenieleza kwa simu, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni.
Nauli ya boti nilikuwa nayo tangu Juni. Nilichokosa ni samaki wa kujivunia.

Jumapili, 4 Agosti
Vifaranga wapya wameingia bwawani. Tambi zinakauka kivulini, chini ya turubai. Siku tatu badala ya moja. Zaituni ameleta uji, tumekunywa. Ziwa limetulia.
Kwetu hakuna tena anayeniita kwa jina la utotoni. Sitarudi.