Kifaa Kifuani mwa Jabu

Jumatatu, 3 Juni

Vikombe vimeoshwa mara tatu na saa sita haijafika. Mimi sioshi. Hapa mjane hukaa kwenye godoro sakafuni, anapokea wageni, ananyamaza. Siku ya tano leo. Magoti yamekufa ganzi. Wifi Nomsa, dada yake Jabu, ndiye anayeamua nani aingie na nani apewe chai.

Leo kakubali. Siku zote hizi alikuwa akisema kwao watu hawachomwi. Nimemsomea tena karatasi aliyoiacha Jabu, marehemu mume wangu: achomwe, majivu nikayazike Morogoro, katika kaburi la Tumaini, mtoto wetu wa kwanza, tuliyemwacha kule ukimbizi wa Jabu ulipokwisha tukarudi huku kwao. Aliishi miezi saba tu. Kaburi lile dogo, mtu mzima haingii. Majivu yanaingia.

Wifi kalia. Kisha katoa sharti moja: kisu kisimguse kaka yake. Nimeapa.

Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Jumanne, 4 Juni

Ofisi ya mazishi, Malvern. Fomu ndefu kuliko Kwaresima. Karani kasema pete ivuliwe sasa, ikishaingia motoni hairudi. Sanduku la majivu liwe la mbao, si la bati, ili mashine ya uwanja wa ndege ione ndani. Cheti cha kuchomwa nisafiri nacho mkononi, nisikitie kwenye begi kubwa.

Kisha swali: marehemu ana kifaa cha moyo mwilini? Kama kipo, lazima kitolewe kwanza.

Wifi alikuwa begani kwangu. Jabu alipandikizwa kifaa hicho miaka miwili iliyopita, akanikataza kumwambia dada yake. Angejua Nomsa, mtaa wao wote wa Alexandra ungejua kabla ya jua kuzama. Na kukitoa ni lazima kisu. Nikaweka alama kwenye HAPANA.

Kuchoma ni kuchoma, nilijiambia. Kesho kutwa saa nne asubuhi.

Jumatano, 5 Juni

Kaja Baba Ilunga, Mkongomani wa kanisani kwetu. Nilijua ameajiriwa na manispaa, sikujua ni kwenye tanuru la maiti. Kanishika mkono. "Mama, kesho miye njo niko ku tanuru. Baba Jabu sitamwachia mutu mwingine."

Wageni wakamuuliza kazi yenyewe ikoje. Akaeleza: kila marehemu anaingia peke yake, na kibati chenye namba kinaingia naye na kutoka naye. Hawachanganywi. Kisha akasimulia ya mwaka juzi. Familia moja ilificha kifaa cha moyo. Betri ikalipuka wakati mwenzake anachungulia kidirishani. Jicho likaenda.

Chai ikanipalia.

Saa kumi. Bado sijasema. Nikisema, wifi atageuka, Jabu atazikwa hapa na Tumaini atabaki peke yake. Nikinyamaza, kesho Ilunga atachungulia. Ana watoto wanne. Labda betri imekwisha. Upuuzi huo, nauandika niuone ulivyo.

Saa kumi na mbili. Nimesema. Mbele ya wote, nikiwa palepale godoroni, kwa Kizulu changu kibovu. Ilunga kapiga simu hapohapo. Kesho Jabu hachomwi. Wifi kaniita mwongo, kachukua koti, kaenda zake Alexandra. Ni kweli, mimi mwongo.

Alhamisi, 6 Juni

Baridi. Hakuna simu ya wifi. Wageni wawili tu, habari imeshafika. Ofisi inasema mke anatosha kutia saini peke yake. Najua. Kumsafirisha Jabu juu ya ugomvi siwezi.

Najuta. Sijuti.

Ijumaa, 7 Juni

Wifi karudi asubuhi. Hakusalimu. Kauliza kifaa kiko upande gani. Nikamwonyesha, chini ya mfupa wa bega la kushoto. Kauliza kilikuwa kinafanya nini hasa. Nikamwambia: moyo ukisahau, kinaukumbusha.

Kisha kashuka godoroni kwangu.

"Wewe una majivu. Mimi nina nini? Kitoeni, mnipe mimi."

Tumetia saini wote wawili. Safari hii nimeweka alama kwenye NDIYO.

Jumanne, 11 Juni

Jumamosi wifi alikizika kifaa pembeni ya kaburi la mama yao, kimefungwa kwenye leso yake mwenyewe. Alizungumza nacho kama alivyokuwa akizungumza na Jabu. Jana Jabu alichomwa. Ilunga kamleta mwenyewe nyumbani, na kibati chake cha namba. Mzito kuliko nilivyodhani.

Hapa mjane hasafiri, ila wifi kaamua nitasafiri, na yeye atanisindikiza. Amekaa jikoni anapasi nguo za safari. Sasa hivi kauliza Tumaini alifanana na nani. Miaka yote hii hakuwahi kuuliza.

Nimemwambia alifanana na yeye, shangazi yake.