Video ya Harusi Imekwama

Koboko,
10 Agosti 2025.

Mpendwa dada Sidonie,

Basi, kama nilivyokuwa nakueleza kabla simu haijakatika, mlango tumeufungua na bado hakuna kinachoingia. Lakini nimekimbilia habari kabla ya salamu. Hujambo wewe, na shemeji Acidri? Kifua cha mtoto kimepona? Sisi tu wazima. Ndoa ni tamu, dada. Hata Lemi akikohoa chumbani nafurahi kwamba yupo.

Unajua kwa nini naihangaikia video ya harusi. Nyanya Pasca, aliyemlea Lemi, alishindwa kuja Arua kwa sababu ya nyonga, na sasa jicho lake la pili linafifia kama la kwanza. Kila asubuhi anauliza, "Lemi, harusi yako iko nakuja kwa miguu?"

Lemi hakutaka tukuombe flashi. Ruta, kile kisanduku cha mtandao, aliinunua kwa ajili ya nyumba yetu, na anaiamini sana ile programu inayochota video vipande vipande kutoka kompyuta yako na ya kaka Dieumerci kule ugenini. Alisoma kwamba ukifungua ndani ya ruta mlango mmoja, yaani njia ya mtandao, unaoelekea kompyuta, vipande vinaingia kwa kasi. Akaufungua, akanishika mkono tukangoja. Wapi. Kila mara ruta ilijizima na kuwaka upya, ikaipa kompyuta anwani nyingine, ile ya zamani ikaipa simu yangu, na mlango ukabaki unaelekea simu.

Siku nne alihangaika, kumbe kosa ni langu. Unakumbuka vitambaa nilivyofuma kabla ya harusi? Nilivika viti, redio, jagi la maji, na ruta nikaivika kile cha waridi chenye shada. Ilikuwa inachemka humo ndani. Nilipokiri, Lemi alicheka mpaka akakaa chini. "Mutu gani navalisha ruta sweta?" Nikampenda upya.

Tulikivua, tukaifunga anwani ya kompyuta isibadilike. Bado. Fundi Yasiri wa sokoni akatuambia kampuni yetu ya mtandao inapitisha wateja wengi kwenye lango moja la nje. "Nyinyi mulifungua mulango ya chumba. Geti iko na wenyewe." Tangu Jumanne video imekwama kwenye asilimia sitini na moja. Tunakaa tukiitazama namba hiyo, nimemwegemea begani, na hatuna la kufanya.

Jana Nyanya hakuuliza. Aliushika uso wangu, akapapasa nyusi, pua, mpaka kidevu, akasema, "Shela yako ilikuwa namna gani?" Nilimweleza. Lemi alitoka nje, na aliporudi alisema niende kwako nikaichukue video.

Desturi ya hapa hairuhusu bibi harusi kurudi kwao mapema hivi, lakini mama mkwe amesema atanisindikiza mwenyewe.

Msalimie baba Kasereka na mama mdogo Sephora. Mungu awatunze nyote, na macho ya Nyanya ayaachie siku chache zaidi. Nakili video yote kwenye flashi, dada, usikate hata ngoma. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa mlangoni kwako.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Estelle