Kichaka cha Upande wa Bi Hindu

Jumatatu, 12 Januari 2026

Sasa hivi Fairuz amemimina sukari yote ya kopo chini, penye safu ya sisimizi, akawaambia "Bismillah!" Kisha akachuchumaa kuwatazama wakila. Nilitaka kumpiga, nikacheka. Nimemwambia hao ni wageni wako, basi chai yako leo haina sukari. Akasema "haya" kama mtu mzima.

Nimeanza daftari jipya kwa sababu nimepata kontrakta! Anaitwa Kirimi, Mmeru wa Mpeketoni, ana watu wawili na msumeno wa petroli. Nimempeleka kiwanjani, huku huku Wiyoni. Dada Nana baba alimjengea nyumba alipoolewa, ndiyo hii tunayokaa. Mimi nilipewa kiwanja na ahadi. Baba akafariki, miti ikaota. Kirimi alisimama akatazama, akapiga mluzi. Akauliza, Mama Fairuz, hapa hakuna simba? Nikamwambia simba hakuna, visiki utavichoka.

Nimemwambia akate vyote. Asiniachie hata kijiti.

Mume wangu Musab, bosi wake huko Doha anataka jibu Alhamisi ya tarehe 22 — aongeze miaka miwili au arudi. Ameniambia akiona kiwanja cheupe na kamba za vyumba zimefungwa, atarudi, kwa kuwa atakuwa na pa kurudi. Asipoona ataongeza. Mchoro ameuchora mwenyewe, vyumba vitatu. Chetu upande wa kibla, kipate upepo.

Aliondoka Fairuz akiwa tumboni. Siku kumi tu, ya Rabbi.

Jumatano, 14 Januari

Siku ya pili ya kazi. Mashaallah! Pande tatu nyeupe. Punda wamebeba matawi kutwa. Nimeuona mchanga wa kiwanja changu, mara ya mwisho nilikuwa mtoto. Nimevua ndara nikaukanyaga.

Baada ya adhuhuri — ukelele! Mtu wa Kirimi alikuwa ameanza upande wa kibla. Amekata tawi moja tu, limeanguka, na ng'ambo ya pili Bi Hindu yuko uani kwake, kichwa wazi, anasonga sima. Mwiko ukamtoka. Yule mtu naye akakimbia kama aliyeona jini.

Bi Hindu yuko edani. Mumewe alifariki Oktoba, zimembakia siku thelathini na saba, hapaswi kuonwa na mwanamume wa nje. Ua wake wa makuti ulianguka na mvua ya vuli, hakupata wa kuusimamisha. Tangu hapo kichaka changu ndicho ukuta wake.

Na mimi nilijua! Siku za matanga nilimpelekea sinia ya wali kwa mikono yangu, nikaupita ule ua ulioanguka. Sikujiuliza nani anamsitiri. Kichwani mwangu mlikuwa na sebule.

Nimemwambia Kirimi asimame.

Ijumaa, 16 Januari

Kirimi alikuja na turubai. Akalifunga kwa miti minne, akasema hii ndiyo dawa. Kaskazi ikavuma mara moja! Turubai likang'oka likamfunika punda wa watu, punda akatimka nalo hadi mlangoni mwa msikiti, watu wanatoka swala. Kirimi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka, halafu nikalia.

Makuti hakuna. Kila mtu anaezeka kabla ya Ramadhani. Mwenye makuti amesema wiki tatu, na alivyonitazama hata hizo tatu si kweli.

Kirimi akaniuliza, sasa hii kazi iko aje? Nikate ama nisikate? Alhamisi akitoka hapa anakwenda Mokowe, ana kazi ya miezi miwili.

Nimepima kwa miguu kilichobaki. Hatua sita tu. Lakini hatua sita hizo ndizo chumba chetu.

Jumapili, 18 Januari

Nimefanya jambo. Asubuhi nilikwenda kiwanjani na simu, nikakipa kichaka mgongo, nikapiga picha. Mchanga mtupu, anga, kivuli changu. Nikamtumia Musab.

Amenijibu kwa sauti. Anacheka, sauti inamkatika. Anasema Huwaida, wallahi umefanya kazi ya wanaume kumi. Nimeisikiliza mara saba. Fairuz akaninyang'anya simu akaibusu, ikajipigia kwa fundi cherehani.

Mwisho wa ile sauti kuna maneno mengine. Alhamisi asubuhi kabla ya kwenda kwa bosi atapiga video. Anataka nimzungushie simu pande zote nne, aone kamba.

Nimemweleza dada Nana. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa. "Mumeo ataka nyumba au ataka kisingizio?" Nimemwambia astaghfiru. Akasema mimi nimeuliza tu, mwanamke, ndoo hapa unisaidie mchele.

Nimejaribu kukumbuka Musab alikuwa akilala upande gani wa kitanda. Sikukumbuka. Nimelala kila upande kidogo. Nimesahau kweli, na nimeogopa.

Jumanne, 20 Januari

Nimekwenda kwa Bi Hindu, nimemwambia kila kitu, hata picha. Alikuwa amekaa uani penye kivuli cha kichaka, anashona kofia. Chumba chake ni kimoja, hakina dirisha, na ana pumu. Mwezi huu ndani mle ni tanuri.

Alinisikiliza. Akakata uzi kwa meno. "Kata, mwanangu."

Nikamwambia Bi Hindu, utakaa wapi?

"N'tangia ndani. Siku thalathini na moja si nyingi. Wangu mimi ameshakwenda. Wako yuko ndiani, yuwaja. Kata usingoje."

Nikasema na pumu? Akasema pumu ni yangu, si yako, usinitwalie na pumu yangu! Tukacheka sote wawili. Fairuz alikuwa ameshalala mapajani mwake, na kofia ya watu kichwani.

Nimerudi nyumbani kwa furaha. Nimempigia Kirimi, aje Alhamisi alfajiri na kamba. Furaha imedumu mpaka nilipopika chai. Kwa nini imekatika sijui.

Alhamisi, 22 Januari

Naandika kiwanjani, nimekalia kisiki, simu nimemwachia dada Nana akae na Fairuz kivulini kule. Saa mbili na robo. Musab hajapiga.

Kirimi alifika na jua. Kamba za vyumba viwili zimekaa vizuri sana, nyeupe, zimenyooka! Akaja kunyanyua panga upande wa kibla. Nikamwambia ngoja. Nikasogea kwenye kichaka nikaita, Bi Hindu? Akaitika kutoka ndani, mlango ameufunga. Akasema nimo ndani, kateni, naendelea na kofia yangu. Halafu nikasikia akikohoa. Akakohoa tena, sasa kwa nguo mdomoni, ili nisisikie.

Ndipo nikajua. Mimi mgongo nilikipa kichaka kwa picha, leo ningempa Bi Hindu mwenyewe. Na Musab angerudi alale mahali pale, kwenye hatua sita zile, bila kujua zilikuwa za nani.

Nimemwambia Kirimi asikate. Akaniangalia sana. Akasema Mama Fairuz, nikienda Mokowe siji hapa karibuni. Nikasema najua. Akafunga panga zake kwa gunia, akanishika mkono, akasema msalimie mzee wako. Hata hakukasirika.

Nikaita tena, Bi Hindu, toka nje, hakatwi mtu leo! Baadaye nikausikia mlango ukifunguliwa.

Musab akipiga nitamgeuzia simu pande zote nne. Hata huu. Sitamficha kitu tena. Nitamwambia vyumba viwili vipo, cha tatu kina mwenyewe kwa siku ishirini na tisa. Nitamwambia picha ile nilikudanganya. Nitamwambia mimi sikutaka nyumba ya kukuvuta kama samaki, rudi hivyo hivyo, kama huna pa kulala tutalala chumbani kwa dada Nana, upande utakaotaka, na ukisema hapana basi angalau nitakuwa nime— dada Nana ananiita, "Huwaida! Mbio! Ni yeye, na mtoto ataka kumkatia simu—"